Chatu Mchagua Nazi: Panya Hai, Panya wa Friza au Kifaranga?

Saa nane usiku, na panya niliyemwekea Sultani saa nne bado yuko pale pale kwenye mlango wa chungu, mkia umenyooka, tumbo limeshaanza kulegea kwa joto. Sultani mwenyewe kajiviringa ndani kama kilemba, kichwa kakificha katikati. Wiki ya tisa hii. Mama, aliyeamka kusali, akanikuta nimechutama na tochi, akatikisa kichwa: "Mwanangu, nyoka hali, na wewe hulali. Mgonjwa ni nani?"

Sultani ni chatu mdogo wa Afrika Magharibi, Python regius kwa jina la wataalamu. Hilo neno la pili maana yake ni "wa kifalme", ndipo nikampa jina alilo nalo. Si wale chatu wakubwa wa kwetu wanaoweza kumeza mbuzi. Kwao ni Ghana, Togo, Benin na nchi za jirani, mpaka huku Uganda. Mzima huwa mita moja na kitu, mara chache afike mita moja na nusu. Akiogopa haumi, hujikunja duara, na ndiyo maana kwa Kiingereza huitwa pia "ball python", chatu wa mpira. Mpole kupita kiasi. Ila kwenye chakula ni mchagua nazi, tena huyu hata koroma haitaki.

Nianze na la karatasi, nilimalize. Kufuga nyoka Kenya kunahitaji kibali cha KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, na chatu huyu yumo kwenye Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini, kwa hiyo hata kumvusha mpaka kuna nyaraka zake. Asiye na kibali na ana hamu ya nyoka, bustani ya Haller Park iko pale Bamburi, Mombasa, aende akatazame. Haya ninayoandika ni kwa aliyekwisha kufuata taratibu, ana nyoka wake ndani, na nyoka kagoma.

Swali ninaloulizwa kila mara ni moja: nimpe panya hai, aliyeuawa sasa hivi, wa friza, au kifaranga? Nitavilinganisha vyote vinne. Lakini kipimo changu huenda si kile unachokitarajia. Watu huuliza nyoka anapenda nini. Mimi huuliza wewe utaweza kumpa nini bila kukatika, kwa sababu huyu mnyama akizoea kitu hukishikilia, na maisha yake ni marefu mno. Mwaka 2020 kwenye bustani ya wanyama ya Saint Louis, Marekani, jike mmoja wa aina hii alitaga mayai akiwa na umri unaokadiriwa kuwa miaka 62. Hebu fikiria utamtafutia nini mwaka wa 30.

Huenda hagomei panya, anagomea nyumba

Kabla hujabadilisha chakula, shika kipimajoto. Nyoka hana joto lake, hutegemea la mahali alipo, na chatu huyu anataka upande mmoja wa kizimba uwe nyuzi 31 hadi 33, na upande wa pili 25 hadi 27, achague mwenyewe. Akikosa pa kujipasha, tumbo halifanyi kazi, na yeye analijua hilo kuliko wewe. Hatameza kitu asichoweza kukisaga.

Miongozo mingi imeandikwa na watu wa nchi za baridi, basi kurasa nzima ni taa na mikeka ya joto. Kwetu mambo ni kinyume kwa nusu ya mwaka. Wakati wa kaskazi, Februari na Machi, chumba chenye paa la mabati kule Kisauni mchana hakina upande wa baridi hata kidogo; kizimba kizima kimepita nyuzi 33 na nyoka kalala ndani ya bakuli la maji akitafuta nafuu. Umeme uliouongeza humo ni wa kumwumiza. Mteremshe sakafuni, kwenye ukuta usiopigwa na jua la alasiri. Halafu kusi likiingia, Julai na Agosti, usiku hushuka hadi nyuzi 22 hivi, na hapo ndipo mkeka wa joto unapohitajika, tena wenye kidhibiti, si ule wa kuwasha na kuacha.

Unyevu nao usikusumbue. Anataka asilimia 60 hivi au zaidi kidogo, na hewa ya Mombasa inampa bure. Niliwahi kumpulizia maji asubuhi na jioni kama nilivyosoma. Baada ya wiki mbili vipande vya mbao alivyolalia vikaota ukungu mweupe, na kifua kikaanza kumkoroma. Kumbe najenga maradhi kwa juhudi.

Jambo la mwisho la nyumba ni maficho. Kwao huyu hukaa kwenye mashimo ya panya na vichuguu vya mchwa, mahali ambapo mwili wote unagusa ukuta. Kizimba kikubwa cha kioo katikati ya sebule, watoto wanagonga kwa vidole, televisheni inapiga kelele, ni sawa na kumwalika mtu karamu halafu ukamketisha katikati ya barabara ya Digo. Mpe maficho mawili, moja upande wa joto na moja upande wa baridi, yawe ya kumbana. Sultani anakaa kwenye chungu cha kupikia kilichovunjika mdomo, na hataki kingine. Acha kumshika wiki nzima. Na macho yakigeuka meupe kama maziwa, anakaribia kujivua gamba, usimsumbue kabisa.

Nusu ya migomo niliyoiona imeishia hapa, kabla hata hatujafika kwa panya.

Panya hai

Hii ndiyo njia ya mkato, na sitadanganya: inafanya kazi. Panya anatembea, ana joto, ananuka uhai. Chatu huyu ana vitundu mdomoni, kwenye mdomo wa juu, vinavyohisi joto gizani, na kiumbe hai humwakia kama taa. Nyoka aliyekataa kila kitu miezi miwili anaweza kuruka kwa dakika moja.

Sasa sikiliza upande wa pili. Mwaka wa kwanza nilimtumbukizia Sultani panya mzima, nikaenda kuswali isha, nikapita barazani kwa kahawa, maneno yakanoga. Niliporudi Sultani alikuwa kajikunja pembeni, na panya amekaa juu yake, anamtafuna mgongo. Polepole, bila haraka, kama mtu anayekula miwa. Nyoka asiye na njaa hajitetei. Hajui kwamba chakula kinaweza kumla yeye. Magamba mapana kama kucha ya kidole gumba yalikuwa yamekwenda, nyama ya waridi iko wazi. Wiki sita za dawa, na kovu hilo analo mpaka leo, limejivua naye mara ngapi sijui.

Kosa lilikuwa langu, si la panya. Panya hai haachwi peke yake na nyoka hata dakika tano, na ukiona dakika kumi zimepita hakuna dalili, mtoe. Kuna pia suala la yule panya mwenyewe, anayekufa kwa hofu. Mimi lilinielemea zaidi kadiri miaka ilivyopita.

Na kwa hai simaanishi wa mtegoni. Kila mara jirani hunijia na buku aliyemnasa nyuma ya nyumba, anadhani kanifadhili. Mji wa Kale na Kongowea wana panya wa kutosha, ndiyo, lakini huyo kesha kula sumu ya dukani, ana minyoo, ana kupe, na mkojo wake unabeba maradhi ya kukulaza wewe hospitali. Hapana, asante.

Aliyeuawa sasa hivi

Ni daraja tu. Panya wa kufugwa anauawa kwa haraka, bila mateso, kisha anatolewa akiwa bado na joto lake. Hatari ya kung'atwa imekwisha, harufu na joto bado vipo, na nyoka wengi waliozoea hai hawaoni tofauti ukimtikisa kidogo kwa koleo. Mwombe daktari wa mifugo akuonyeshe namna ya kumuua, usijifunze kwa kubahatisha.

Ubaya wake ni wewe. Kila mara lazima uwe na panya hai nyumbani, na kila mara lazima mkono wako uue. Wapo wanaoweza. Mke wangu alinitazama mara moja nikifanya, akasema, "Haya mambo yako utayamaliza nje ya nyumba hii." Kwa hiyo naitumia njia hii kumhamisha nyoka kutoka hai kwenda friza: milo mitatu, minne, kisha naendelea mbele.

Panya wa friza

Hapa ndipo ninapokaa, na hapa ndipo nitakapokuchelewesha.

Faida zake ni rahisi kueleza. Panya mfu haumi. Kuganda kunaua baadhi ya vijidudu na minyoo. Unaweza kuandaa chakula cha miezi kwa siku moja. Na kwa nyoka anayekula mara moja kila wiki mbili au tatu, kulisha kunakuwa kazi ndogo kuliko kumlisha paka.

Shida ya Mombasa ni kwamba huendi dukani ukaagiza panya waliogandishwa kama unavyoagiza pweza. Itabidi uwafuge mwenyewe panya weupe, au umpate anayewafuga. Jike hubeba mimba siku 21 hadi 23, huzaa wanane, kumi, kumi na wawili, na watoto huachishwa ziwa wiki ya tatu. Majike wawili na dume mmoja wamenitosha kwa nyoka mmoja, na wakanizidi. Chakula chao ni nafaka na mboga za jikoni. Harufu yao, wallahi, ndiyo gharama yenyewe: usiwaweke ndani.

Halafu friza. Panya katika friji moja na nguru wa Ijumaa ni talaka. Kwetu kuna watu wanaosali na wanaojali twahara, nami nikiwemo, basi nilinunua friji ndogo kuukuu yenye friza yake, nikaiweka kwenye banda la nje, na wageni hawajui kuna nini ndani. Stima ikipotea usiku mzima, usiifungue. Ikijaa barafu hushikilia baridi. Lakini panya aliyeyeyuka akalegea, usimgandishe tena. Mtupe.

Sasa kumwandaa, kwa sababu wengi wanaosema "wangu hataki wa friza" wamempa nyoka maiti baridi iliyolowa. Namtoa panya asubuhi, namshusha kwenye friji ile ile ya banda mpaka jioni. Usiku nafunga panya ndani ya kopo lenye kifuniko. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku 2017 na sijaikumbuka. Kopo linaingia kwenye sufuria ya maji moto, si ya kuchemka, nusu saa hivi. Maikrowevu usiiguse, inampika tumbo na kumpasua. Panya atoke mkavu, na joto la kama nyuzi 38 hadi 40. Mwisho kabisa nachukua mashine ya kukaushia nywele ya mke wangu (yeye anajua, alikwisha kukata tamaa) nikampuliza kichwa tu sekunde ishirini. Kichwa ndicho nyoka anachokilenga. Kikiwa na joto kuliko mwili, analiona umbo linaloeleweka gizani.

Taa zote zizimwe. Namshika panya kwa koleo refu, kiunoni, si mkiani, namsogeza mbele ya chungu kama anayepita njia yake, kisha namrudisha nyuma. Simchomi nyoka usoni. Siku akiwa na nia unaijua mapema: ulimi unatoka mara moja, unakaa nje, unarudi, kisha shingo inajikusanya taratibu ikawa kama herufi S. Hapo shikilia koleo na usipumue. Pigo lenyewe hulioni, unalisikia tu kwenye mkono, na tayari panya kafungwa mizunguko mitatu. Endelea kumtikisa kidogo kwa koleo, maana nyoka akibana kitu kisichojitikisa anaweza kukiachia.

Asipochukua, mweke panya mlangoni, funika kizimba kwa kanga, ondoka. Wengi hula wakiachwa. Miongozo ya kule inasema mwache mpaka asubuhi. Kwa joto la huku mimi namwondoa baada ya muda wa saa nne, maana kuchelewa zaidi anaanza kunuka. Kisha subiri siku saba hadi kumi kabla ya kujaribu tena. Kumjaribu kila usiku ni kumfundisha kwamba panya ni kero.

Ukubwa usizidi unene wa nyoka sehemu iliyo pana. Kwa mzima kama wangu mwenye kilo na kitu, panya wa gramu 60 au 70 kila wiki mbili au tatu anatosha. Watu humpa mkubwa wakidhani wanamfidia alichokosa, halafu anacheua.

Kifaranga

Huyu ndiye mtego wa Mombasa, na ndiye ninayewaonya watu zaidi.

Vifaranga wa siku moja wanapatikana kirahisi kwenye maduka ya agroveti, ni rahisi kubeba, hawachukizi mtu nyumbani, na chatu wengi wagumu huwapenda. Porini, wadogo wa aina hii hula ndege zaidi, na wakikua, hasa majike, huhamia kwa panya na wanyama wadogo, kwa hiyo hamu hiyo si ajabu. Kware nao wanafaa. Wanaokumbuka 2014, Kenya nzima ilipokuwa inafuga kware kabla bei haijaanguka, wakati ule ningemlisha Sultani kwa bure.

Tatizo ni linalofuata. Nyoka akila vifaranga watatu mfululizo, mlo wa nne huenda hataki panya tena. Na kifaranga wa siku moja mifupa bado haijakomaa, hana kalisi wala mafuta ya panya mzima, kinyesi kinatoka chepesi na kunuka. Utajikuta unamlisha mara mbili zaidi kwa mwili ule ule. Kwa mlo mmoja wa kuvunja mgomo, sawa. Kwa maisha, hapana.

Ninavyomtumia mimi ni kama bizari. Naweka kifaranga na panya wa friza kwenye kopo moja wakati wa kuyeyusha, harufu inahamia. Au nampaka panya manyoya ya kuku kichwani. Mara mbili imenifanyia kazi kwa nyoka wa rafiki yangu wa Mtwapa, aliyekuwa amezoezwa ndege tangu mdogo. Kila mlo tulipunguza manyoya, mpaka siku moja akala panya mtupu bila kujua. Wengine hukwaruza kichwa cha panya damu kidogo itoke. Si kazi ya kupendeza, lakini husaidia.

Na tukiwa hapa: usimpe vipande vya nyama, wala samaki, wala yai. Nyoka anahitaji mnyama mzima, mifupa na ini na vyote.

Uchague nini

Ukiwa na nyoka mpya, hujamaliza wiki naye, usichague chochote. Mwache atulie siku saba, kisha anza moja kwa moja na friza kabla hajajifunza mengine. Kama alikuja kwako akila hai, mpitishe kwenye aliyeuawa sasa hivi kwa milo michache. Kama huna pa kufugia panya na huna friza ya peke yake, semeni ukweli na watu wa nyumbani kabla ya kumchukua nyoka, maana kifaranga kitakuponya mwezi wa kwanza tu. Panya hai ningemruhusu kwa nyoka aliyekonda kweli, aliyeshindwa na vyote, na wewe umekaa pale koleo mkononi, simu umeizima.

Kumlisha kwa nguvu, kumfungua mdomo na kumsukumia, sijaliweka kwenye ulinganisho. Hilo ni la daktari.

Na ipo chaguo la tano ambalo watu hawalipendi: kungoja. Dume mzima mwenye afya huweza kukaa miezi bila kula, hasa msimu wa kutafuta jike, na asipungue chochote cha kutisha. Ndiyo maana nina mizani ya jikoni, isiyotumika jikoni. Sultani alipoacha kula alikuwa gramu 1,310. Jana alikuwa 1,250. Amepoteza chini ya asilimia tano katika wiki tisa. Angekuwa mtoto wa gramu 150 ningekuwa nimeshamwona daktari. Kwake yeye, nikiona chini ya 1,180, au uti wa mgongo unachomoza kama paa la nyumba, au mapovu puani, au mdomo wazi akihema, siku hiyo hiyo nitampeleka, na suala la panya gani litakuwa limekwisha.

Nilimweleza Mama hesabu hiyo ya gramu pale pale na tochi yangu. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Basi mwache. Hata baba yako kusi likiingia alikuwa halali ndani wala hali." Nikamtoa panya mlangoni kwa koleo, nikamzika chini ya mwembe paka asimfikie. Leo ni Jumanne. Nitamjaribu tena wiki ijayo Ijumaa, na unyoya kidogo kichwani.